Pikipiki ya kale na vipuri vipya: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe?

Vyombo vingi vililetwa pwani yetu na Waingereza, na kila kimoja kilikuja na jina lake, tukalipinda kwa ndimi zetu mpaka likatukaa sawa. Pikipiki haikungoja kupewa jina. Ilijitaja yenyewe kwa mlio wake siku ilipowashwa, na watu wakaufuatisha. Kwa hivyo si ajabu kuwa mwenye pikipiki ya kale huulizwa mambo mawili kabla ya mengine yote: sura yake ingali ile ile, na mlio wake je?

Hilo ndilo nitakalo kulizungumza leo, wasomaji wangu, kwa sababu nimeliona likizuka mahali nisipopatarajia, yaani katika mirathi.

Kuna nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, ambayo marehemu aliacha, pamoja na vitu vingine, Triumph Bonneville ya mwaka wa 1966. Ni wachache leo waijuao, basi na tuieleze kidogo. Triumph ziliundwa katika kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry huko Uingereza, baada ya kiwanda cha kwanza kupigwa mabomu mwaka wa 1940. Jina la Bonneville limetokana na jangwa la chumvi la Utah, Marekani, ambako mnamo 1956 mtu aitwaye Johnny Allen alikwenda kasi ya maili 214 kwa saa katika chombo kirefu kama samaki chenye injini ya Triumph. Miaka mitatu baadaye, 1959, ikaanza kuuzwa pikipiki iliyochukua jina hilo: silinda mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, ukubwa wa sisi 649, kabureta mbili, na mwendo wa kupita maili 100 kwa saa kwa aliyekuwa na barabara na moyo wa kuthubutu.

Walakini aliyependa Bonneville hakuipenda kwa mbio peke yake. Tangi lake limenyooka kama tone la maji lililolazwa. Injini yake iko wazi yote, haikufichwa na bati wala plastiki, na mapezi ya silinda yamepangwa kama kurasa za msahafu zilizofunguliwa kidogo. Mtu huitazama akaona kila kifanyacho kazi na kila kilichoungana na mwenzake. Hiyo ndiyo haiba yake, na hiyo hiyo ndiyo taabu ya mwenye kutaka kuibadilisha, kwani hapana pa kuficha kosa.

Marehemu aliacha wana watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na mama yao alikuwa amemtangulia. Kwa hisabu ya mirathi, pikipiki ikawa mafungu matano: mawili ya kila ndugu mume, na moja la dada yao. Kaka mkubwa akasema isiguswe hata skrubu, maana mikono ya baba ndiyo iliyoikaza. Mdogo, ambaye makazi yake ni Leicester, akaja likizo na mkoba mzito: breki ya sahani, usukani mfupi, taa ndogo za pembeni, na picha za pikipiki zilizokatwa fremu upande wa nyuma zikatiwa kiti kimoja kama tandiko la punda. Huko Uingereza, akasema, ndivyo vijana wafanyavyo. Wakagombana wiki mbili, akarejea zake Ulaya, na mkoba ukabaki uvunguni.

Mkubwa akaendelea kuipanda vile vile. Jioni moja ya Ramadhani, watu wakikimbilia futari, mkokoteni wa maji ulimkatia njia. Taa ya pikipiki ilikuwa hafifu, msukuma mkokoteni hakuiona. Breki zilishikwa, na pikipiki ikaendelea na safari yake kama haikuambiwa neno. Msukuma mkokoteni alinusurika na michubuko. Mwenye pikipiki alivunjika mtulinga.

Ndipo dada yao, mwenye lile fungu moja katika matano, alipowapigia simu wote wawili akawauliza: "Kaka zangu, nyinyi mwataka kuipanda au kuitazama? Kama ni kuitazama, itieni sebuleni nami nitaipangusa vumbi. Kama ni kuipanda, basi na itengenezwe isimame."

Mimi naona mwanamke huyo alisema yote yaliyopaswa kusemwa, na kwamba mafundi wa dunia nzima wanaoshughulika na pikipiki za kale hugawanyika kwa swali lake hilo hilo. Kitu cha kutazamwa hakina haja ya kubadilishwa. Kila mkwaruzo wake ni historia. Lakini chombo kitakachoingia barabarani leo, baina ya matatu na boda boda na malori ya makontena, kina haki ya watu wengine juu yake, nao hawakuulizwa kama wapenda vitu vya kale.

Cheche

Ikapelekwa kwa fundi mzee wa Majengo, mtu aliyezaliwa akasikia mlio wa BSA kabla ya kusikia wa gari. Yeye alikuwa na sharti moja. "Mwanangu," alimwambia kaka mkubwa, "kila nitakachokitia, niweze kukitoa kwa spana ile ile, na cha zamani kirudi mahali pake. Nikikata, nimeua."

Alianza na cheche. Katika Triumph za miaka ile, cheche huamriwa na pointi mbili, vijinyundo vidogo vya chuma vilivyoko upande wa kulia wa injini nyuma ya kifuniko cha duara king'aacho, vikifunguliwa na kufungwa na ncha ya kamshafti ya mbele. Ncha za pointi huliwa na cheche zake zenyewe. Nafasi baina yake hubadilika, na cheche ikawa ya kuja mapema au ya kuchelewa. Ikija mapema mno, kiki hurudi juu kwa kishindo. Wazee waliopanda pikipiki hizo wana makovu ya mguu wa kulia ya kushuhudia.

Badala ya pointi, hutiwa sahani nyembamba yenye vikoili viwili, na sumaku mbili ndogo zinazozunguka mbele yake. Sumaku ikipita, koili huhisi, na kisanduku kilichofichwa chini ya kiti hutoa amri ya cheche. Hapana kinachogusana, basi hapana kinacholika. Makampuni ya Uingereza kama Boyer Bransden yamekuwa yakiviuza vitu hivi kwa miaka mingi, na uzuri wake ni kwamba vyote huingia katika tundu lile lile la pointi. Ukirudisha kile kifuniko cha duara, hata aliyeiunda pikipiki Meriden hangejua. Wala si jambo geni kwetu: kila mwendesha boda boda wa Likoni anaijua "sidiai" ya pikipiki yake ndogo ya Kihindi au ya Kichina, nayo ni jamaa wa kitu hiki. La kuchekesha ni kwamba pikipiki ya bei nafuu ilikuwa nayo siku nyingi, na ile ya heshima ndiyo ikaja kukopa.

Lakini fundi hakukitia mpaka alipozing'oa nyaya zote za zamani akatia mpya. Chombo hiki cha cheche hakipendi umeme hafifu. Betri ikichoka, injini huanza kukohoa na mtu akakilaumu kilichotiwa jana, ilhali ugonjwa uko katika waya wa miaka hamsini uliooza ndani ya ngozi yake. Na liko jingine la kuwaponza mafundi vijana. Katika Triumph hizi, waya wa betri unaofungwa kwenye mwili wa pikipiki ni ule wa chanya, si wa hasi kama katika magari ya leo. Atakayefunga kwa mazoea yake ataunguza kisanduku kipya kabla ya injini kupigwa kiki hata mara moja.

Mwanga

Waingereza wenyewe wana mzaha wa zamani kuhusu vifaa vya umeme vya Lucas, kwamba mwenye kampuni alikuwa mwana wa mfalme wa giza. Mzaha huo una ukweli wa nusu. Pistoni mbili za Bonneville hupanda pamoja na kushuka pamoja, na mtetemo wake hukata uzi wa balbu kama ukatavyo uzi wa tiara. Kisha dainamo yake ya mkondo geu haikuweza kutoa zaidi ya wati mia na kidogo, taa ya mbele peke yake ikila 40 au 50, na umeme uliozidi ulikuwa ukipelekwa katika kidude kiitwacho zena, kikaugeuza joto na kuumwaga hewani.

Zena sasa hubadilishwa kwa kidhibiti kidogo mfano wa kipande cha sabuni, kikafichwa chini ya kiti. Nazo taa za LED hazina uzi wa kukatika, na hula umeme kidogo sana. Hapa fundi wetu alifanya jambo nililolipenda. Alitia LED nyuma, katika taa ya breki, ambako maisha ya mpandaji yamo mikononi mwa dereva wa nyuma, mbele hakutia. Kioo cha ndani cha taa ya zamani kilipigiwa hisabu kwa uzi uliosimama mahali maalumu, na balbu ya LED isiyokaa mahali hapo hutawanya mwanga, ikamwingia machoni anayekuja na kuiacha barabara gizani. Mbele akatia halojeni yenye nguvu, kwa nyaya nene mpya. Ukisimama kando huoni tofauti yoyote mpaka magharibi iingie.

Breki ndiyo iliyokuwa mashaka zaidi. Breki ya mbele ya 1966 ni pipa la inchi nane lenye viatu viwili ndani yake, na katika hivyo kimoja tu ndicho kinachovutwa na mzunguko wa pipa kikajikaza chenyewe; cha pili husukumwa nyuma na kusaidia kidogo. Mwaka wa 1968 Triumph walitoa pipa la ukubwa huo huo ambalo viatu vyote viwili hujikaza. Basi jawabu lilikuwamo ndani ya ukoo wenyewe. Gurudumu la 1968, pamoja na sehemu ya chini ya foko inayolishika, likatafutwa Uingereza na yule ndugu mdogo, akaiuza breki yake ya sahani kulilipia. Viatu vikapigwa raba mpya isiyo na asbesto, vikasagwa viungane na pipa pande zote. (Vumbi la raba za zamani, enyi mafundi, msilipulize kwa mdomo. Asbesto haitoki kifuani.) Breki ya sahani ingalisimamisha vizuri zaidi, hilo silikatai. Lakini ingalitaka foko nyingine, usukani mwingine na tangi la mafuta ya breki juu yake, na mwisho wa kazi pikipiki ya marehemu ingalikuwa imekwenda zake.

Mengine yalikuwa mepesi. Matairi yapo yenye nakshi ya zamani na mpira wa kisasa. Injini hiyo haikuwa na chujio la maana la oili, ila vyandarua vya waya, na bomba dogo ndani ya krankishafti la kunasa uchafu. Likatiwa chujio la karatasi kwenye njia ya oili ya kurudi, pasipoonekana. Ama kuhusu petroli, Kenya na jirani zake waliiacha ile yenye risasi kufikia 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivilinda vikalio vya valvu. Wako wanaofungua injini nzima mbio mbio kwa hofu hiyo. Pikipiki ipandwayo Jumapili mpaka Nyali na kurudi haina haja ya haraka. Ngoja siku kichwa kitakapofunguliwa kwa sababu nyingine, ndipo utie vikalio vigumu.

Na sisi watu wa bahari tunalo letu. Boliti zisizoshika kutu zinang'aa na kuvutia, lakini ukizikaza katika alumini katika hewa ya chumvi kama yetu, alumini ndiyo itakayoliwa. Zipakwe grisi kwanza. Wala fundi asilazimishe boliti za milimita katika matundu ya Triumph, yaliyokatwa kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani. Atalitafuna tundu lililodumu tangu 1966 kwa kuokoa shilingi chache.

Sitara na uigizaji

Sasa, je, kuficha kipya ndani ya cha zamani si udanganyifu? Nimelifikiri swali hili, na naona liko jambo liitwalo sitara na liko liitwalo uigizaji, nayo hayafanani.

Kiwanda cha Meriden kilifungwa 1983. Mwaka huo huo jina la Triumph lilinunuliwa na mjenzi wa majumba aitwaye John Bloor, akajenga kiwanda kipya Hinckley, na mnamo 2001 ikatoka Bonneville mpya iliyovikwa sura ya ile ya kale. Ilipofika 2008, sheria za moshi zikiwa zimekaza, wakaacha kabureta wakatia chombo cha kupuliza petroli kwa kompyuta. Lakini kwa kuwa wanunuzi walizoea kuona kabureta mbili ubavuni, kile chombo kipya kikavikwa umbo la kabureta! Na 2016 ikaja ya kupozwa kwa maji, nayo ikaachiwa mapezi ya hewa kwenye silinda, na rejeta nyembamba ikabanwa baina ya vyuma vya mbele. Ni pikipiki nzuri sana, na aliyetaka kuamka asubuhi akabonyeza swichi akaenda zake hana la kulalamika. Hata hivyo kabureta isiyo kabureta hunichekesha kama jino la dhahabu la kubandika.

Kwa upande mwingine, kuna kiwanda huko Ufaransa, Alton, kinachounda jenereta za volti 12 za kuingia mahali pa dainamo za Lucas za volti 6 katika pikipiki za miaka ya 1940 na 1950, nazo zina umbo la dainamo. Hicho sikicheki. Ni cha mviringo kwa sababu tundu lake ni la mviringo, na kazi yake ni ile ile ya kutoa umeme, ila aifanya vyema zaidi.

Sisi watunga mashairi twaijua tofauti hii. Mtu aweza kutia katika shairi neno lililozaliwa jana, simu au kompyuta, na likakaa, maadamu mizani imetimia na vina vimesimama, bahari haikuvunjika. Lakini aandikaye maneno makuu makuu ya kale asiyoyatumia wala kuyaelewa, ili aonekane mkongwe, huyo amevaa kanzu ya babu yake. Majahazi yetu yalitiwa injini za dizeli na hapana aliyesema si majahazi tena, kwa kuwa mbavu na omo na tezi zilibaki vile zilivyochongwa.

Kwa hivyo kisichoguswa katika pikipiki ni fremu, tangi, umbo la injini, na namba. Katika Triumph za miaka ile namba ya injini na ya fremu zilipigwa sawasawa kiwandani, na zikiwa zingali sawa, thamani huongezeka. Anayekata fremu hana pa kurudi. Aliyetia sahani ya sumaku mahali pa pointi aweza kurudi baada ya saa moja.

Ila sitara ya mbele ya watu si sitara ya mbele ya mnunuzi. Siku ya kuuza, kila kilichobadilishwa kinatajwa, kionekane kisionekane, hata kama ni kizuri kuliko cha zamani. Kunyamaza ni kughushi, na mambo ya bei hayana utani. Pointi za marehemu, zena yake, gurudumu lake la mbele na kila kilichong'olewa vimetiwa mafuta, vikafungwa magazeti na kutiwa katika sanduku la mbao, pamoja na karatasi yenye orodha na tarehe ya kila kimoja. Sanduku anaweka dada.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna kipuri cha kulitengeneza. Katika pikipiki za Kiingereza za wakati ule, giya iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko wa kushoto, kinyume cha hizi za leo. Kijana aliyezoea boda boda, akishtuka, atakanyaga kwa mguu wa kulia akitafuta breki, na atakachopata ni giya. Wapo wanaouza vyuma vya kuihamisha giya kushoto, na fundi wetu alikataa kuvitia. Alimtoa kaka mkubwa, mtulinga ukiwa umepona, akampeleka penye uwanja mtupu asubuhi mapema, naye ni mtu aliyeipanda miaka, akamwamrisha aende na kusimama, aende na kusimama, ajifunze upya nguvu ya breki mpya. Kisha akamwita mpwa wake, kijana wa boda boda, akampandisha yeye, akamweka hapo nusu saa nzima bila ya kumruhusu kutoka giya ya pili, mpaka mguu wa kushoto ukawa ndio unaokumbuka kwanza.